Kisu cha kukunja cha babu, nitajuaje ni chuma gani?

Mjukuu wa Muheza: Wakuu, habari za jioni. Babu aliuza machungwa Muheza maisha yake yote, na hiki ndicho kisu alichomenyea. Mpini ni wa mti mweusi, umepachikwa nyota na mwezi. Mgongoni kuna pete. Ukikifungua kinalia ka-ka-ka mpaka kinakaza, na hakikunjiki mpaka uvute pete. Maandishi yamelika, linasomeka SOLINGEN tu. Nataka kukinoa bila kukiharibu. Sumaku inanata. Je, ni chuma cha pua, kisichoshika kutu, au cha kaboni, kinachoshika?

Fundi Makali: Sumaku haitakusaidia, inanata kwenye vyote viwili, visu vya chuma cha pua navyo huvutwa. Solingen nao ni mji wa Ujerumani, si aina ya chuma. Tafuta neno ROSTFREI au INOX, yaani kisichoshika kutu. Chuma kisichoshika kutu kilikuwa sifa ya kuuzia, kwa hiyo mara nyingi waliandika.

Kwa pete hiyo na nyota na mwezi, naona ni kisu cha chapa ya Okapi. Wajerumani walianza kuvitengeneza 1902 kwa ajili ya kuuza makoloni yao ya Afrika, na 1988 kazi ikahamia Afrika Kusini. Chako chenye Solingen ni cha kabla ya hapo, na karibu nina hakika ni kaboni.

Hakikisha hivi: karibu na bawaba, sugua kwa msasa laini sehemu ndogo kama punje ya mchele, futa mafuta yote, dondoshea ndimu, subiri dakika kumi. Kaboni itageuka kijivu. Chuma cha pua kitabaki kinang'aa.

Tafadhali usikipeleke kwenye mashine ya kunolea. Makali yakipata moto yakawa bluu, ugumu umeondoka na haurudi kwa kunoa. Tumia jiwe na maji.

Bi Mkubwa wa Tanga: Na ule weusi wa kwenye chuma cha kisu usiuondoe mwanangu. Kutu ni ile nyekundu, hiyo ndiyo ya kusugua. Weusi unakilinda. Ukimaliza kazi, kausha, paka mafuta ya kula kidogo.

Mjukuu wa Muheza: Asanteni sana. Ndimu imeacha doa la kijivu hata dakika tano hazijafika. Sasa nimeelewa kwa nini machungwa ya babu yalikuwa na ladha ya chuma pale kisu kilipopita. Nilidhani ni mikono yake.