Mida Creek mwisho wa Agosti, ndege wa kuhama wameshafika?

Wadau, Jumamosi nashuka Mida, ile hori ya bahari pale Watamu, pwani ya Kenya, kutazama ndege wa ufukweni. Mwaka jana nilienda saa sita mchana maji yamekupwa kabisa, ndege wako mbaaali nukta nukta tu, darubini yenyewe ya kuazima, nikarudi na kichwa kinaniuma. Niende saa ngapi?

— Kakangu usiangalie saa, angalia maji. Fika yakianza kujaa, tope linafunikwa kidogo kidogo nao wanasukumwa kuja upande wako, we tulia tu.

— Wameanza kuingia. Juzi nimeona vile vidogo vya mdomo uliopinda chini, vingine tumbo bado jekundu, ndo rangi ya kuzalia huko Siberia, baadaye vyote vinakuwa kijivu uchanganyikiwe. Sululu wapo pia, na mdomo wao kweli sululu!

— Asante dadangu. Na yule mweupe mgongo mweusi, mla kaa?

— Yupo, anazalia pande za Oman na Somalia, kwenye mashimo mchangani. Mmoja alimgonga kaa mpaka miguu ikang'oka. Ila njoo na viatu vya kufunga, tope limeshanila kandambili moja.