Tupeane uzoefu: mliotumia AI (akili mnemba) kuchorea kadi za mchezo, yaliwakuta yapi?

Wapenzi wa kadi, salaam. Nianze mimi. Mwaka jana nilitunga mchezo wa kadi 60 kuhusu vyombo vyetu vya baharini: mtepe, jahazi, mashua, ngalawa. Kila chombo na nguvu zake na shehena yake. Hela za mchoraji sikuwa nazo, nikaingia kwenye AI, siku mbili kazi kwisha. Nikachapisha kwa kipimo kilekile cha kadi za Magic, ule mchezo maarufu wa kadi, milimita 63 kwa 88, nikajiona bingwa.

Jioni moja nikazimwaga barazani Kibokoni, hapa Mombasa. Mzee mmoja, nahodha mstaafu, akaokota ya mtepe akaisogeza hadi kwenye miwani. Kimya. Kisha: "Mwanangu, mtepe gani huu una misumari?" Kutazama kweli, ubavuni safu ya vichwa vya misumari inameta. Na mtepe sifa yake ni kushonwa kwa kamba za makumbi! Tanga nalo, badala ya lile la mkeka la mraba, mashine imeweka la pembetatu. Nikaiandikia tena na tena, "bila misumari, mbao zimeshonwa". Ikaniletea chombo kimeshonwa kama kiatu, na misumari iko palepale.

Nanyi je?

Mpaka Hina
Mimi ndiye mnayenijia mambo yakishaharibika. Zamani mtu akiniagiza nimchoree kadi nzima. Siku hizi ni "dada, nirekebishie mkono tu, kazi ndogo". Alikuja mmoja na kadi ya bibi harusi, kwa mbali tamu kweli. Isogeze sasa. Vidole sita, na ua la hina limetoka kiganjani likapanda juu ya pete, utadhani pete nayo ni ngozi. Kurekebisha vile ni kuchora upya, ila yeye anataka bei ya kupangusa vumbi. Nilipomtajia bei kamili alinuna. Hajarudi.

Kijana wa Tudor
Msidhani ni sisi wa vichochoroni tu. Desemba 2023 Wizards of the Coast, wenye Magic, waliwaambia wachoraji wao wasitumie AI kwenye kazi za mwisho. Mwezi haujatimia, Januari 2024, wakatoa picha ya tangazo, wachezaji wakaivuta karibu wakaona vitu vilivyozizunguka kadi pichani havieleweki. Kampuni ikakana: imechorwa na binadamu. Siku chache baadaye ikakiri kwamba sehemu zake zilitoka kwa AI. Mchoraji Dave Rapoza alitangaza kuachana nao. Meza yetu ya Jumamosi tulikubaliana: kadi ya AI ya kuchezea nyumbani sawa, ya kuuza hapana. Wawili walihama meza.

Mzee wa Vifungu
Mnasahau hakimiliki. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa kulinda picha za Midjourney, programu ya AI ya kuchora, zilizomo kwenye kitabu cha katuni, Zarya of the Dawn. Ikalinda maandishi na mpangilio. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta ni yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi ipatikane. Wa kadi 60 usishangilie lakini. Ukizipeleka kuuza Marekani utakutana na sheria yao.

Mwalimu Likoni
Mie sina kilio. Niliwatolea watoto kadi za samaki, tafi akaja na meno ya papa. Walicheka hadi kengele ikalia. Sasa mchezo wenyewe ni huo, atakayeliona kosa anachukua kadi. Mtoto wa mvuvi hashindiki.

Mwanzisha mada
Da Hina, mtepe mmoja unachora kwa ngapi? Bei kamili, sinuni. Mzee amesema atakuja mwenyewe akae nawe, akuonyeshe kamba inaingilia wapi na kutokea wapi. Ila anataka kahawa, na haluwa ya kutafunia.