Dubai: mkazi, mteja au mgeni?

Swali: Ndugu zangu, salamu. Nilikwenda Deira, mjini Dubai, kufuata mzigo wa vitambaa, na chini ya risiti nikaona kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5. Ikiwa wakazi wengi wa Dubai si raia, lakini kila mnunuzi hulipa kodi hiyo, serikali inawatambua kwa lipi?

Jibu la 1: Kodi ilianza Januari 2018, ila mtazamo wa kumwona kila mtu kama mteja ni wa zamani zaidi: tangu 1996 serikali yenyewe huandaa tamasha la manunuzi, ikiupanga mji kama mwenye duka apangavyo bidhaa dirishani. Mwaka 2002 wageni waliruhusiwa kumiliki nyumba katika maeneo maalumu, na sasa mwenye nyumba ya dirhamu milioni 2 anaweza kupata ukaazi wa miaka 10. Huo ni ukaazi, si uraia.

Jibu la 2: Bwana mkubwa hapo juu amesema kweli, lakini wengi wetu hatununui nyumba. Nilikuwa mtunza stoo huko kwa miaka sita. Viza yangu ilitegemea mwajiri, na kazi ilipokoma nikaanza kuhesabu siku za kuondoka, ingawa kodi ya sukari na sabuni nilikuwa nimelipa kama wengine. Mtalii, kwa upande wake, hurejeshewa sehemu ya kodi uwanja wa ndege. Je, ulionyesha pasipoti dukani ili urejeshewe?

Muuliza swali: Sikuionyesha, ndugu yangu. Nilidhani pasipoti ni ya uhamiaji tu.