Sheria ndogo za mikorosho: mgambo wanahesabu magugu, ubwiriunga unatoka shamba pori la jirani

Wakuu,

Msimu wa maua umefika na misafara imeshaanza. Mtendaji ana daftari, nyuma yake mgambo wawili, wanasimama kwenye kona ya shamba na kuangalia chini. Nyasi zipo? Faini. Hakuna anayeinua shingo kutazama maua, na hakuna anayevuka mpaka kwenda shamba la pili ambalo halijaguswa kwa miaka. Hiyo ndiyo inayoitwa sheria ndogo ya kulinda mikorosho. Kila mwaka inabandikwa ukutani vilevile, bila kubadilishwa hata nukta.

Tuseme mambo kwa majina yake. Adui mkubwa wa korosho katika mikoa ya kusini na Pwani ni ubwiriunga. Ni kuvu, na haihitaji maji ya mvua kuota. Inataka hewa yenye unyevu, mawingu ya asubuhi na sehemu changa ya mti: majani mapya, mashada ya maua, korosho changa na mabibo. Jani lililokomaa kuvu hii hailiwezi. Ua likishapakwa ule unga mweupe hunyauka kabla halijafunguka, na shada zima hukauka kama limepitiwa na moto. Mti unabaki kijani, mzuri kwa macho, na hauna kitu. Ukiacha bila kudhibiti, mavuno yanaweza kupotea karibu yote.

Na kuvu hii inasafiri kwa UPEPO. Haitambai kwenye nyasi. Unaweza kuwa na shamba lililofagiliwa kama uwanja wa msikiti na ukapoteza maua yote kwa sababu upande upepo unakotoka kuna ekari kumi za pori.

Shamba pori linakuwa kiwanda cha ugonjwa kwa sababu rahisi. Mikorosho iliyotelekezwa inasongamana, matawi yanaingiliana, jua halifiki ndani. Kwenye kile kivuli, chini ya mwavuli wa mti, machipukizi huendelea kutoka hata nje ya msimu. Hayo ndiyo makazi ya ubwiriunga wakati mikorosho mingine haina majani machanga wala maua. Mashada ya kwanza yakichomoza kwenye shamba lako, mbegu za kuvu ziko tayari kwa jirani, zinangoja upepo tu. Kuondoa machipukizi ya ndani kabla ya maua ni kazi ya panga na siku chache, haina gharama ya dawa hata shilingi. Nitajieni sheria ndogo inayotaja neno "machipukizi". Zinasema "usafi wa shamba" basi, na msomaji anaelewa palizi.

Palizi ina faida zake, sikatai. Inazuia moto wa nyasi, inarahisisha kuokota korosho. Lakini haijawahi kuzuia ubwiriunga na haitazuia.

Historia tunayo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufika 1986/87 zilibaki kama 16,500. Bei ilikuwa mbaya, ni kweli, lakini pia watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na mashamba yakaachwa mbali, yakawa mapori, na ubwiriunga ukaenea humo. Yaani somo la mashamba pori tulilipia ada kubwa kuliko zao lolote, halafu tunaandika sheria kana kwamba halijatokea.

Sasa njooni kwenye salfa, dawa tunayopulizia ubwiriunga, maana hapo ndipo hasira inanipanda kabisa. Salfa ya unga HAITIBU. Ni kinga. Inatakiwa iwe imetua juu ya ua kabla kuvu haijaingia. Na kwa kuwa mti unaendelea kutoa mashada mapya, shada lililotoka wiki hii halina kinga ya salfa uliyopuliza wiki mbili zilizopita. Ndiyo maana inarudiwa kila baada ya siku 14, gramu 250 kwa mti mkubwa, mizunguko hadi mitano. Dawa za maji hukaa zaidi, zinarudiwa kila siku 21. Unga unapulizwa alfajiri, kuanzia kama saa 10 hadi jua linapoanza kukaza, wakati kuna umande wa kushika unga na upepo umetulia. Ukipuliza saa 4 asubuhi unalisha upepo.

Pigeni hesabu. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inatoa mikorosho kama 28 kwa ekari. Gramu 250 mara 28 ni kilo 7 kwa mzunguko, kilo 35 kwa mizunguko mitano. Mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 100 kwa mzunguko mmoja TU. Mwenye ekari tatu anahitaji kilo 105, mifuko minne na kidogo. Akipewa mfuko mmoja wa ruzuku, tena baada ya maua kufunguka, amepewa nini? Mzunguko mmoja na ushee, kwa ugonjwa ambao umeshaingia. Halafu mwisho wa msimu anaambiwa mavuno yameshuka kwa uzembe wa wakulima.

Sheria inampa mkulima tarehe ya mwisho ya palizi. Haimpi mtu yeyote tarehe ya mwisho ya kufikisha salfa kijijini. Mmoja anakamatwa, mwingine anasamehewa kimya kimya.

Na msiniambie suluhisho ni kurundika salfa nyingi zaidi. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, hauna nguvu ya kuhimili tindikali. Salfa inayodondoka chini mwaka baada ya mwaka inauongezea uchachu, na atakayeumia ni muhogo, mbaazi na karanga zilizopandwa chini ya mikorosho hiyohiyo. Kupunguza chanzo cha ugonjwa kwenye mapori ni njia ya kutumia salfa kidogo.

Jambo la pili ni baya zaidi: mnyauko fusari. Huu uligundulika Magawa, wilaya ya Mkuranga, mwaka 2012, na tofauti na ubwiriunga, huu unaua mti wenyewe. Kuvu yake inaishi kwenye udongo, inaingia kwa mizizi na kuziba njia za maji. Unaanza kuona tawi au upande mmoja unageuka manjano, majani yanakauka kuanzia nchani, kisha mti wote. Dawa ya kuuponya hakuna.

Watu wanauchanganya na bungua wa shina, mdudu anayetoboa mti, kwa hiyo angalieni vizuri. Bungua anaacha matundu, unga kama wa msumeno na utomvu kwenye shina. Mnyauko hauna matundu. Chuna gome kwa kisu kwenye tawi linalokufa: ukiona michirizi ya kahawia ndani ya mti, huo ni wa kushukiwa, na sampuli ipelekwe TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, kupitia afisa ugani. Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha.

Ukithibitika, mti unatakiwa kukatwa, kung'olewa na mizizi na kuchomwa PALEPALE ulipo. Usiburuzwe kupita katikati ya shamba. Usiuzwe kwa mchoma mkaa, kwa sababu kisiki na mizizi vinaondoka na udongo. Panga, jembe na msumeno vikung'utwe udongo wote, vioshwe, kisha vipakwe jiki, sehemu moja kwa tisa za maji. Usipande mkorosho mwingine kwenye shimo lilelile, maana kuvu inakaa udongoni miaka mingi. Na miche ya kitalu chenye udongo wa eneo hilo isitoke nje ya kijiji.

Sasa soma sheria ndogo: "ni marufuku kukata mkorosho bila kibali." Nia ni nzuri, imelenga wachoma mkaa. Lakini kibali kinaanzia kijijini, kinaenda kata, kinaenda wilayani, kinasubiri mkaguzi ambaye hana mafuta ya pikipiki. Mti mgonjwa unasimama miezi, watu wanapita, mbuzi wanapita, jembe linapita. Sheria ya kulinda mti mmoja inaua hamsini.

Na trekta! Ili kukwepa faini ya palizi watu wanakodi trekta moja linalozunguka shamba hadi shamba siku nzima. Diski zinakata mizizi ya juu, zinafungua vidonda, na udongo wa shamba la kwanza unamwagwa shamba la kumi. Kwa mnyauko fusari hakuna gari bora la kusafiria kuliko hilo. Sheria inalazimisha palizi, haisemi neno hata moja kuhusu kuosha diski kabla ya kuvuka mpaka. Dumu mbili za maji na brashi ya waya vingetosha kuanzia.

Kupogolea nako kumeachwa hewani. "Kila mkulima apogolee." Wapi? Kwa nini? Matokeo yake watu wanafyeka matawi ya nje, na mkorosho unazaa kwenye ncha za nje! Yanayotakiwa kutoka ni matawi yaliyokufa, yanayogusa ardhi, yanayosuguana, na machipukizi ya ndani. Kazi ifanyike baada ya mavuno, kwa msumeno, ukianza kukata kidogo kwa chini ili tawi likianguka lisichane gome.

Ninachodai, na naomba madiwani waliomo humu wasome:

Shamba pori liandikwe kwenye sheria kwa jina lake, pamoja na hatua za kufuata mwenye shamba asipopatikana. Notisi ya siku 30 ibandikwe ofisi ya kijiji, itangazwe mkutanoni, na ndugu waulizwe. Siku zikipita, serikali ya kijiji iweke kikundi cha kusafisha na kupulizia, na gharama ikatwe kwenye korosho za shamba hilohilo. Iandikwe wazi kwamba ardhi inabaki ya mwenyewe na warithi wake, la sivyo tutafungua mlango wa dhuluma.

Mti wenye mnyauko uondolewe kwenye utaratibu wa kibali cha kawaida. Afisa ugani na mwenyekiti wa kijiji wasaini papo hapo sampuli ikithibitishwa, wilaya ipewe taarifa baadaye.

Na ushuru. Kiwango cha ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu 2017. Kilo ikiuzwa shilingi 3,000, halmashauri inabeba shilingi 90, tani moja ni 90,000. Sehemu ya fedha hiyo itajwe kwenye sheria kwamba ni ya ukaguzi wa magonjwa, mafuta ya pikipiki ya afisa ugani na usafirishaji wa sampuli. Faini za magugu zisiwe ndiyo bajeti.

NYONGEZA, kwa walioniuliza chini:

Mkuu uliyesema sheria ndogo haibadiliki mpaka wizarani, hiyo ni ya halmashauri ya wilaya, ambayo kweli inahitaji idhini ya waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ya KIJIJI ni njia fupi. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Vifungu vya shamba pori, machipukizi na kuosha diski vinaingia humo bila shida. Msisubiri wilaya.

Aliyeuliza kama akate mikorosho yake iliyosongamana: ndiyo, lakini ombea kibali mapema, na weka alama ya rangi kwenye shina kabla. Anza na isiyozaa na ile inayowahi kuugua kila msimu. Usikate safu nzima kwa mpigo.

Aliyesema kwao mgambo walimtoza faini bila risiti: dai stakabadhi ya serikali yenye namba, na uombe uoneshwe kifungu. Asiyeweza kukuonesha kifungu, usimpe hela mkononi.

Mwenye nakala ya sheria ndogo ya korosho ya wilaya yake aipige picha aiweke hapa, kurasa zote, ikiwemo jedwali la adhabu. Tutapitia kifungu kwa kifungu.