Gumzo la familia: Dada anahamia kando ya ziwa

Dada: Shikamooni wakubwa. Tumezunguka wiki nzima, zimebaki nyumba tatu. Naomba mawazo yenu kabla hatujasaini chochote.

Dada: [picha 9]

Dada: Ya kwanza ni ya ghorofa, iko mbele kabisa, ukifungua mlango wa nyuma unakanyaga mchanga. Ya pili ni nyumba ya chini, ya zamani, iko mlimani, ziwa unaliona kwa mbali. Ya tatu ni zile za safu zilizoshikana kuta, zote ndani ya uzio mmoja. Kuna mlinzi, bustani ya pamoja na gati dogo la boti.

Mama: Marahaba mwanangu. Zote nzuri, Mungu awabariki. Ngoja nitafute miwani.

Mdogo wetu: Ya kwanza jamani!!! Hapo mnajadili nini tena?

Shemeji: Hata mimi moyo wangu uko hapo. Sebule nzima ni kioo, inatazama magharibi, jua linazama ukiwa umekaa kwenye kochi.

Mjomba: Marahaba wote. Picha ya nne, ikuzeni. Tazameni ukuta wa nje upande wa ziwa. Rangi ya chini ni mpya kuliko ya juu, na inaishia usawa wa goti, imenyooka kama imepigwa kwa rula. Mtu hapaki rangi kipande cha ukuta bila sababu.

Kaka: Nimeikuza. Kweli kabisa. Na pale kwenye kona kuna unga mweupe umeshaanza kutokeza juu ya hiyo rangi mpya.

Mjomba: Huo unga ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya tofali kutoka ardhini, yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki. Ukipaka rangi juu yake itabanduka tena. Inawezekana ni unyevu wa ardhini tu, inawezekana maji yaliingia ndani kabisa. Hapo kwenye picha huwezi kujua. Waulizeni majirani wa siku nyingi, tena zaidi ya mmoja. Dalali mwacheni kwanza.

Dada: Dalali anasema maji hayajawahi kufika pale.

Shangazi: Mwanangu, mimi nimeishi kando ya ziwa tangu niolewe, niamini. Ziwa halikai mahali pamoja. Linarudi nyuma miaka mingi, watu wanauona ufuko mpana wanadhani wamepata ardhi, wanajenga. Halafu linakuja kuchukua chake. Ziwa Victoria mwaka 2020, mwezi wa tano, lilipanda mpaka likapita kiwango cha 1964, ambacho ndicho wazee walikuwa wanakitaja siku zote. Fikiria ni watu wangapi walijenga katikati ya miaka hiyo. Baringo nako maji yamemeza shule na hoteli. Naivasha kuna mitaa mizima ambayo watu wamehamishwa na maji.

Kaka: Wala si Afrika Mashariki peke yake. Maziwa ya Michigan na Huron kule Marekani, ambayo usawa wake wa maji ni mmoja, Januari 2013 yalishuka kuliko wakati wowote tangu yaanze kupimwa. Kufika 2020 yalikuwa yamepanda zaidi ya mita moja na nusu. Miaka saba tu! Aliyenunua nyumba 2013 alionyeshwa ufuko mkubwa ambao 2020 ulikuwa chini ya maji.

Shemeji: Lakini shemeji, nimeangalia ramani ya mji. Nyumba ile iko kwenye ukanda wanaouita wa mafuriko ya miaka mia. Maana yake si mara moja kwa karne?

Kaka: Hapana shemeji, na jina hilo linawapoteza wengi. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1. Mwaka ukipita salama, unaofuata unaanza na asilimia 1 ileile. Ukikaa miaka 30 mnayotaka kulipia mkopo, uwezekano wa kupata mafuriko hayo angalau mara moja unafika asilimia 26 hivi. Yaani karibu moja kwa nne.

Shemeji: Moja kwa nne!

Kaka: Ndiyo. Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba hali ya hewa itabaki ilivyokuwa zamani.

Mjomba: Na bima waulizeni mapema. Mikataba mingi ya kawaida ya nyumba hailipi maji ya mafuriko mpaka ununue kifungu chake pembeni. Wakiwatajia kiasi kikubwa kwa nyumba ile, hilo nalo ni jibu. Wao wanajua.

Mdogo wetu: Basi waikarabati. Wainyanyue, wajenge ukuta wa kuzuia mawimbi.

Mjomba: Ukuta wa kuzuia mawimbi mara nyingi unahamishia tatizo kwa jirani, na mchanga wa mbele yako unazidi kuliwa. Nyumba ya kando ya maji ijengwe juu ya nguzo tangu mwanzo, au isogezwe nyuma. Hiyo haina hata kimoja. Sakafu yake iko karibu sawa na uwanja, picha ya sita inaonyesha, hakuna hata ngazi moja ya kuingilia.

Shangazi: Na kile kioo cha magharibi, baba, kitazame mchana kabla hujakipenda jioni. Jua likishuka juu ya maji linakupiga mara mbili, moja kutoka juu na moja kutoka ziwani. Nina jirani mwenye sebule ya hivyo. Kuanzia saa tisa mapazia yamefungwa, haoni ziwa wala chochote. Kochi lake lililokuwa la kijani sasa halina rangi ya kuitaja.

Dada: Hilo sikuliwaza Shangazi. Sisi tulikwenda asubuhi.

Shangazi: Nendeni saa tisa alasiri, tena siku ya kazi. Halafu mrudi usiku. Usiku hewa ya juu ya maji ni ya baridi, sauti inasafiri mbali sana. Muziki wa ng'ambo ya ghuba utadhani uko uani kwako. Na siku wanapotoka wale wadudu wadogo wa ziwani wanafunika taa zote. Hawaumi, lakini bila nyavu nzuri madirishani hulali. Hewa yenyewe ni tamu, hilo silifichi. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana inapumua yenyewe.

Mama: Nimepata miwani. Mimi nauliza watoto. Nani atakuwa anawaangalia saa zote na maji yako mlangoni?

Kaka: Swali hilo lingetangulia yote, Mama. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanakadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, hana pumzi ya kuitia. Ukiwa jikoni husikii kitu.

Mama: Mungu apishe mbali.

Dada: Ile ya tatu gati lina geti lake Mama, lenye komeo la juu.

Mama: Linafungwa?

Dada: Tulipopita lilikuwa limefungwa kwa kamba likae wazi. Vijana wa boti wanapita pale kila saa.

Mama: Basi hakuna geti hapo.

Shemeji: Mama amesema kweli. Mimi mwenyewe nililipita lile geti nikaona kamba, nikaendelea kutazama boti. Hebu tuizungumze hiyo ya tatu basi. Faida yake mimi naona ni ulinzi, na hatutahangaika na paa wala bustani, ada ya kila mwezi inashughulikia.

Kaka: Shemeji, ombeni kumbukumbu za vikao vyao vya miaka miwili mitatu iliyopita, na hesabu za akiba. Gati la mbao juu ya maji halidumu bila kutengenezwa. Kama mfuko wao hauna kitu, siku nguzo zikioza mtachangishwa kila nyumba, hata kama hamna boti. Someni pia kanuni. Kwingine huruhusiwi kuongeza chumba, kubadili rangi ya mlango wala kupangisha.

Dada: Kanuni wametupa, kurasa 40 na zaidi. Kuongeza chumba hairuhusiwi.

Mjomba: Na kwa ramani uliyotuma, zile ni nyembamba na zina sakafu tatu. Chini ni maegesho na stoo, katikati sebule na jiko, juu vyumba. Dada yangu utalala wapi hapo?

Mama: Juu, nadhani.

Mjomba: Kwa magoti hayo? Kila ukitaka maji ya kunywa ushuke, kila ukitaka kulala upande?

Mama: Msinifikirie mimi. Chagueni panapowafaa wao na watoto.

Dada: Hapana Mama. Unakuja kukaa na sisi, si kututembelea. Chumba chako ndicho cha kwanza kuchaguliwa. Mume wangu naye tumeshalikubaliana hilo.

Shemeji: Kabisa Mama. Hilo halina mjadala.

Mama: Asanteni wanangu. Basi nitasema ukweli. Mimi ziwa nitalitazama siku mbili tatu, nitalizoea. Ninachotaka ni mlango ninaoweza kutoka mwenyewe bila kumwita mtu, na mahali pa kukaa nje watu wakipita tusalimiane.

Shangazi: Wifi umenena.

Mdogo wetu: Kwa hiyo tunaishia mlimani, kwenye nyumba ya zamani isiyo na ziwa 😩 Mimi nilishapanga kuogelea kila likizo.

Kaka: Kuogelea hata kwenye ile ya kwanza ungeangalia kwanza. Ghuba ile haina mkondo, maji yametulia, majani yamejaa pembeni. Ndiko wanakopenda kukaa konokono wa kichocho, na ndiko mwani unakoumuka joto likizidi na mbolea ikitiririka kutoka mashambani. Ukiona maji ya kijani kama rangi imemwagika, usiingie, na mbwa asinywe.

Dada: Na maji ya bomba je? Si yanatoka ziwani humohumo?

Kaka: Ulizeni yanavutwa upande gani na yanasafishwa vipi. Mji wa Toledo, Marekani, Agosti 2014 watu karibu nusu milioni waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie. Na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Ukichemsha maji yanapungua, sumu inabaki, inazidi kukolea. Muhimu mjue hilo, maana wote tumezoea kwamba ukichemsha umemaliza.

Mama: Hilo ndiyo nalisikia leo.

Mjomba: Maji taka nayo. Nyumba za mbele zinatumia mashimo, na pale ukichimba kidogo tu umefika kwenye maji. Ziwa likipanda, shimo halinyonyi, uchafu unarudi chooni. Mlimani kuna bomba la mji?

Shemeji: Lipo Mjomba. Limepita barabara ya juu, nyumba imeshaunganishwa.

Mjomba: Vizuri sana. Sasa hiyo ya mlimani nayo tusiipende kwa macho yamefumbwa. Mlima una mambo yake. Picha ya nane, nyuma ya jiko kuna ukuta wa kuzuia udongo. Una vitundu vya kutolea maji?

Dada: Sikuviangalia.

Mjomba: Kama havipo, au vimezibwa, maji ya mvua yanajaa nyuma ya ukuta na kuusukuma mpaka ulale. Angalia kama umeanza kuinama, kama una ufa wa mlalo katikati, na kama miti ya juu yake imeegemea bondeni. Nataka kuuona mwenyewe, na nataka kuuona siku moja baada ya mvua kubwa, nijue maji yanapita wapi. Paa na mabomba ya zamani hayanitishi. Hivyo vinabadilishika. Nyumba ilipokaa ndipo huwezi kupabadilisha.

Dada: Kwa upande wa mtaa, mimi ule wa mlimani ndio ulionikaa. Tulikuta watoto wanacheza barabarani saa za jioni, bibi mmoja anamwagilia maua akatuuliza tunamtafuta nani. Zahanati iko kona ya pili. Kituo cha basi kiko chini ya mteremko, hapo ndipo pagumu, kurudi unapanda.

Shemeji: Mteremko wenyewe una lami hadi mlangoni, gari linafika. Na kutoka getini hadi sebuleni hakuna ngazi. Nimeitazama tena ile picha. Kuna kizingiti kidogo tu.

Mama: Kizingiti nakiweza.

Mjomba: Kitasawazishwa, ni kazi ya nusu siku. Na mlango wa bafu upanuliwe, tena mapema, kabla hamjahamia.

Shangazi: Na kule mbele kuna njia ya watu wote kwenda ufukweni? Maana mitaa mingine wenye nyumba za mbele wamefunga kila kichochoro, unaishi karibu na ziwa mguu hulitii.

Dada: Ipo Shangazi, inapita kando ya shule. Imeandikwa kwenye ramani ya mipango miji kuwa ni ya umma, na tumeipita kwa miguu. Ufuko wa pale una mchanga na uko wazi kwa upepo, si kama ile ghuba.

Mdogo wetu: Ooh! Ungeanza na hilo. Basi mimi niko mlimani 🙌

Shemeji: Nilikuwa na picha yangu kichwani ya ule ubaraza wa mbele, siwezi kuwaficha. Lakini asilimia 26 na chumba cha Mama ghorofani, hapana. Twende na ya pili, ila hatulipi mpaka Mjomba aukague ule ukuta.

Dada: Nami naafiki. Mjomba, utapata nafasi lini?

Mjomba: Alhamisi. Wanasema Jumatano mvua inanyesha, itakuwa imenisaidia kazi. Nitahitaji ngazi ndefu, tochi, na ruhusa ya kupanda darini, maana mbao za paa la zamani haziangaliwi kwa nje.

Kaka: Mimi nitapita ardhi Jumatatu kutafuta kumbukumbu za hati, tujue kama ina mkopo juu yake au kesi.

Shangazi: Mkishamaliza ukaguzi mumpitie yule bibi wa maua. Ndiye atakayewaambia kwa nini mwenye nyumba anauza.

Shemeji: Sawa Shangazi. Nampigia mwenye nyumba sasa hivi kuomba Alhamisi tuingie darini.