Rasimu ya mpango wa matumizi ya ardhi wa mji: nitajuaje kama ni mzuri au ni makaratasi tu?

kiti_cha_nyuma
Wakuu habari zenu. Mji wetu umetoa rasimu ya mpango kabambe wa matumizi ya ardhi, wa miaka 20, kurasa 210 bila kuhesabu ramani, na wakazi tumepewa siku 30 za kutoa maoni. Mimi si mtu wa mipango miji, nimetupwa kwenye kamati ya mtaa kwa sababu tu niliongea sana kwenye mkutano, sasa nimekaa na hili dudu wiki nzima. Ramani zina rangi kibao, kila sura inafunguliwa na "mji endelevu, jumuishi na shindani", nikilifunga siwezi kusema kama ni zuri au bovu. Mnaojua haya mambo, mnaanzia wapi? Nisome lote au kuna sehemu ya kuchungulia kwanza?

mzee_wa_kalamu
Anzia nyuma mkuu. Nenda sura ya utekelezaji utafute jedwali lenye kazi, nani anafanya, lini, na hela zinatoka wapi. Ukikuta imeandikwa "wadau husika" na "muda wa kati" basi jua hapo hakuna mtu utakayekuja kumuuliza baadaye. Halafu angalia vitenzi. "Hairuhusiwi kujenga ndani ya mita kadhaa kutoka mtoni" hiyo ni sera, "mji utahamasisha ujenzi unaozingatia mazingira pale inapowezekana" hiyo ni salamu za sikukuu. Mimi kuna mwaka nilichukua kalamu mbili, kijani kwa sentensi zinazombana mtu na nyekundu kwa zile za kuhamasisha, nyekundu ikaisha wino kabla ya sura ya nne na ile kijani ninayo mpaka leo 😂

hesabu_kwanza
Shikamoo mzee, ila hapa nakupinga kidogo. Jedwali la utekelezaji linaweza kuwa safi kabisa halafu limesimama juu ya namba mbovu. Mtoa mada, chukua kikokotoo. Tuseme mji una watu 20,000 na unakua 3% kwa mwaka, baada ya miaka 20 ni kama 36,000, yaani wageni na watoto wapya 16,000. Kaya ya watu 5 ni nyumba 3,200, kila moja ukiipa kiwanja cha mita za mraba 400 unapata hekta 128. Hapo hujaweka barabara wala shule wala eneo la wazi, UN-Habitat (shirika la Umoja wa Mataifa la makazi) wao wanashauri barabara peke yake zichukue angalau 30% ya ardhi, ukiongeza 15% ya maeneo ya umma zile hekta 128 ni 55% tu inayobaki, kwa hiyo jumla inakuwa karibu hekta 233. Sasa fungua rasimu uone wametenga ngapi kwa makazi mapya. Wakiwa wametenga 100 na hawajasema popote kwamba watu watapanda ghorofa, hao watu wataenda kujenga mashambani na mabondeni, mpango upende usipende. Wakiwa wametenga 900 uliza nani ana mashamba huko pembeni anasubiri yaitwe mji.

hesabu_kwanza
Nimesahau, hakikisha namba ya watu ni ileile kitabu chote. Sura huwa zinaandikwa na watu tofauti wasiosomeana, huyu wa maji ana kasi yake ya ukuaji na yule wa barabara ana yake.

dirishani
Hesabu sawa, lakini kosa kubwa mara nyingi liko kwenye ramani na halihitaji kikokotoo. Printi ramani ya mafuriko na ramani ya matumizi yajayo kwa skeli moja, zipandanishe, zibandike kwenye kioo cha dirisha saa za jua. Utaona mwenyewe nini kimekaa juu ya nini. Na wakikuambia "hayo ni mafuriko ya miaka 100" usidhani yanakuja mara moja kwa karne, maana yake ni uwezekano wa 1% kila mwaka, kwa nyumba itakayokaa miaka 30 inafika kama 26%. Angalia pia barabara zinazofika mpakani mwa mji zikakatika ghafla, hapo ujue majirani hawakuulizwa.

kiti_cha_nyuma
Nimerudi. Nimefanya ile ya dirishani, nimeishiwa nguvu. Ramani ya 4 ina bluu ya mafuriko, ramani ya 11 ina shule mpya na ile shule imo ndani ya bluu karibu yote, kona moja tu ya uwanja ndo imesalimika. Na namba kweli zinagombana, ukurasa wa 38 mji unakua 2.1%, ukurasa wa 143 kwenye maji ni 3.4%. Niandike vipi wasiitupe?

mzee_wa_kalamu
Hahaa haya, hesabu_kwanza umeshinda. Mtoa mada usiandike "mpango hauzingatii mafuriko", watakujibu kwamba umezingatia, tazama sura ya 3, na barua imeishia hapo. Andika ramani ya 4 na ramani ya 11 zinapingana kwenye eneo hili, tunaomba shule ihamishwe au tupewe sababu kwa maandishi. Bandika na picha ya dirisha.

kiti_cha_nyuma
Na ile ya asilimia niiweke humohumo?

hesabu_kwanza
Humohumo ila ipe namba yake. Kwa mji wa watu 20,000 tofauti ya hizo kasi mbili ni zaidi ya watu 8,000 mwishoni, kwa hiyo waulize mabomba yamepimwa kwa ipi na viwanja kwa ipi. Ukizichanganya hoja mbili kwenye aya moja watajibu ile rahisi.

kiti_cha_nyuma
Poa. Naandika usiku huu, kesho kamati inakaa.