MREJESHO: Mapendeleo ya wanafunzi kwenye andalio la somo la sehemu (hisabati: nusu, robo, theluthi)

Asanteni wote mliojibu. Swali langu lilikuwa kama darasa la wanafunzi 60 ligawanywe kwa mitindo ya kujifunza, yaani makundi ya "wa kuona", "wa kusikia" na "wa kutenda". Jibu lililoshinda: lisigawanywe. Mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia Pashler na wenzake (2008) hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba kulinganisha ufundishaji na mtindo wa mwanafunzi kunaongeza ufaulu. Sehemu zinahitaji macho, mdomo na mikono kwa kila mtoto.

Dodoso la mapendeleo ya wanafunzi nimelibakiza, ila linauliza mambo ninayoweza kuyatumia: peke yako au wawili wawili? Kuchora kwanza au kueleza kwanza? Mfano wa shamba au wa duka?

Kipindi cha dakika 40 kimekaa hivi. Dakika 15 za mwanzo, vipande vya karatasi kwa wote: A4 moja hutoa vinne vya sentimita 5 kwa 24, hivyo karatasi 15 zinatosha. Nusu na robo hukunjwa tu. Theluthi ndiyo msumbufu. Ikikunjwa kwa kukadiria hutoka isiyo sawa, na mtoto anaona kabisa kwamba 2/6 si 1/3, ilhali ni sawa! Pima kwa rula, weka alama kwenye sentimita 8 na 16, ndipo ukunje.

Dakika 15 zinazofuata ni mazoezi, na hapo tu ndipo uchaguzi wao unaingia. Maswali ni yale yale.

Dakika 10 za mwisho, swali moja kwa wote, kimyakimya: 2/3 na 3/4, ipi kubwa, na kwa nini? Kwenye kipande, 2/3 ni sentimita 16 na 3/4 ni sentimita 18.